Pombe Ikiganda Friza, Usikimbilie Kuimwaga

Kuna watu hapa Tanga wakikuta bia waliyoipika nyumbani imeganda, wanaimwaga palepale, eti imekufa. Siafikiani nao. Mara nyingi kilichoharibika ni chupa tu.

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na gesi haina nafasi ndani ya barafu, kwa hiyo hujikusanya juu na kusukuma. Chupa ya kioo ikiota ufa, hata ule wa kutafuta kwa kidole, hapo ndipo umwage. Wapo wanaochuja kwa kitambaa waokoe glasi mbili! Chembe ya kioo haionekani kwenye povu, jamani.

Chupa ikiwa nzima, isimamishe ndani ya ndoo yenye mfuniko, uiache kwenye friji iyeyuke taratibu. Maji ya moto usiguse, hata kama wageni wameshavua viatu.

Tena ngoja iyeyuke yote. Bia yenye kilevi cha asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 hivi chini ya sifuri, na friza zetu hufika 18. Yanayotangulia kuganda ni maji. Kilevi hubaki kwenye kile kisichoganda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini friza hulitoa maji. Ukimimina hicho kilichobaki, mgeni anakunywa kitu kikali kuliko ulichopika, huku akihesabu glasi zake kama siku zote. Wajerumani hufanya hivyo makusudi, wakaiita Eisbock, ila wao wanajua wanachokunywa. Na kama kulikuwa na kasoro kwenye upishi, baridi haiondoi sumu, huikoleza.

Ladha itapungua kidogo, povu pia. Inanyweka. Kama ilikuwa bado haijapata gesi chupani, hamira nyingi imeshakufa kwa baridi. Ongeza hamira mpya kidogo, la sivyo utasubiri povu mpaka masika.

Tembo la mnazi lina mambo yake. Likigemwa asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, kesho yake linaelekea kwenye siki. Wanywaji wazee wa huku pwani huona kuligandisha ni kulitukana, nami nawaheshimu, lakini wao mgema yuko nyuma ya nyumba. Mtu wa Chumbageni, hapa Tanga mjini, anayetaka tembo la Jumatano siku ya Jumamosi atafanyaje? Atie kwenye dumu la plastiki, abakize nafasi ya kutosha juu, mfuniko asiukaze. Friza haiui chachu yote, kwa hiyo likiyeyuka huendelea kuchacha pale lilipoishia. Linywewe siku hiyohiyo. Na umeme ukikatika usiku kucha, lionje kwanza kabla hujaita watu. Likishageuka siki, lipeleke kwenye achari ya embe.