Waranti ya miezi mitatu haioni kutu

Mdogo wangu kanipigia Jumamosi asubuhi, hata salamu hamna, "kaka nimepata chuma." Chuma yenyewe Subaru Impreza WRX ya 2006, bluu, namba D, iko Kisasa kwenye yadi moja, milioni 21 maongezi yapo. Nikamuuliza umeangalia chini? Akacheka, "kaka, gari imetembelea Dodoma hii, kutu itoke wapi?"

Hapo ndo huwa nagombana na watu wa huku. Sisi kutu hatuijui. Mvua yetu inaanza Desemba, Aprili imeshaaga, miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi, kwahiyo tukisikia gari ya Dodoma tunatulia kabisa kama vile imezaliwa hospitali yetu ya General. Haijazaliwa huku bana! Imezaliwa Japani ikaishi huko miaka na miaka, na kama iliishi Hokkaido kwenye theluji basi kila baridi ilikuwa inapita barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu, chumvi hiyo inaruka na maji inaenda kujibanza kwenye madigadi na tumboni kwa gari, haionekani mpaka siku ya siku. Halafu ikapanda meli, ikashuka Dar, pengine mwenye nayo wa kwanza alikuwa Kigamboni anailaza na upepo wa bahari. Inafika kwetu na ugonjwa wake tayari, ukavu wa huku unaupunguza kasi tu, hautibu.

Basi nikaenda. Nilibeba tochi, kipande cha turubai cha kulalia na sumaku ndogo nimeifunga kwenye soksi isikwaruze rangi. Sumaku inashika bati zima, ila haishiki palipojazwa puti, ile dawa ya fundi bodi ya kuzibia mashimo. Dogo akaichukua akaanza na boneti, sumaku haishiki. Kajaribu huku, haishiki, kajaribu kule, inateleza, nikamwona uso umebadilika kabisa, ananinong'oneza "kaka boneti yote puti." Nikacheka sana. Boneti ya WRX za miaka ile ni aluminiamu, sumaku haishiki hata gari ingekuwa mpya. Mtu asiyejua angeondoka pale akitangaza kuwa kaibiwa.

Pa kuweka sumaku kwenye hizi Impreza ni juu ya tairi za nyuma. Pale bati mbili zinakutana kwa ndani zinatengeneza kama mfuko, tope linajaa humo, na tope letu jekundu likilowa mara moja linakaa na unyevu wake muda mrefu kuliko unavyodhani. Upande wa kulia sumaku ikang'ang'ania vizuri. Wa kushoto ikashika, ikalegea, ikadondoka. Nikapitisha kidole kwa ndani ya ukingo, kikatoka na maganda ya kahawia kama magome ya mti. Kwa nje rangi inang'aa unajiona meno.

Tukafungua buti tukatoa kapeti na spea tairi, chini kuna mstari wa maji yaliyowahi kusimama. Pale shokapu za nyuma zinapofungwa kwa juu kuna vidoadoa ila bati bado gumu, nililigonga na kitako cha bisibisi likalia vizuri. Kwa chini sasa, hapo ndo sikupapenda. Kumepakwa rangi nyeusi nzito, mbichi, mpaka kwenye bomba za breki. Gari ya 2006 tumbo linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, kwanini? Mi bora nione kutu nyepesi ya juu juu ambayo haijafichwa, nijue nacheza na nini.

Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani. Eti imepotea. Zinapotea sana hizi, sijui zina miguu. Karatasi ile ina mchoro wa gari na herufi, ukiona S ujue ni sabi, Kijapani cha kutu, C ni kutu iliyokwishakula bati, na namba ya pembeni ikikua ujue hali mbaya zaidi. Na kama mnada wenyewe ulikuwa Sapporo, huko huko Hokkaido, basi maliza maswali yako mapema.

Dalali kuona tumenuna akatoa silaha yake: "mkuu msiwe na wasiwasi, tunatoa waranti miezi mitatu." Nikaisoma. Injini na giaboksi, basi. Turbo haimo, klachi haimo, umeme haumo. Nikamuuliza na bodi? Akanijibu, "bodi si unaiona?"

Kwa kweli jibu lake halina tofauti kubwa na la wakubwa. Ulaya kampuni kama Volkswagen na Porsche zinatoa dhamana ya kutu miaka 12, inasikika tamu ukisoma haraka, ila ni ya tundu, yaani kutu itoboe bati kutoka ndani kuja nje. Ikianzia nje pale jiwe lilipochubua rangi, hiyo yako mwenyewe. Na Japani waranti ya kiwanda kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000, na vile vikubwa kama injini miaka 5 au kilomita 100,000. Ya 2006 hesabu mwenyewe, ilikufa 2011, kabla hata haijaota kupanda meli.

Kwahiyo mimi hiyo miezi mitatu siitaki. Injini nitampa fundi wangu aisikilize ikiwa ya baridi na apime kompresheni, hela ya waranti nitolee kwenye bei. Fundi bodi wa Kizota niliyemtumia picha alisema kukata ile kona na kuchomea bati jipya pamoja na rangi ni kama milioni moja na laki mbili, nikamwambia dogo toa 18 na nusu, isizidi. Mwenye gari akakataa, tukaaga kwa amani.

Jumatano dalali kampigia dogo, sauti ya furaha kabisa: "Bosi, ile kutu tushaimaliza, tumepiga rangi jana, njoo uione."