Pingili za Mgongo na Saa ya Homa: Matabibu wa Kale wa China Walivyoieleza Malaria

Wanaovibeza vitabu vya kale vya tiba ya China husema kwamba upepo, baridi, unyevu, yin na yang (nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana) ni maneno yanayoweza kueleza kila ugonjwa, na kwa hiyo hayaelezi ugonjwa wowote. Watetezi hujibu kwamba tiba iliyodumu zaidi ya miaka 2,000 haiwezi kuwa ya bure. Jibu hilo ni dhaifu, maana kosa nalo huishi miaka mingi likipata walimu. Hata hivyo, shutuma yenyewe hutolewa mara nyingi na watu wasiosoma sura hata moja hadi mwisho, na sura ambayo ingewafaa ni ya 35 ya Suwen, sehemu ya kwanza ya Huangdi Neijing (Kitabu cha Ndani cha Mfalme wa Manjano), kitabu ambacho kwa kawaida huhesabiwa kuwa cha karne za mwisho kabla ya Kristo.

Sura hiyo inahusu homa ya vipindi, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo tunayoiita malaria. Mfalme anamhoji waziri wake Qibo, na maswali yake ni ya mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa nini mgonjwa huanza kwa kutetemeka kwa baridi ambayo hata moto hauiondoi, kisha akaungua kwa joto ambalo hata barafu haliwezi? Kwa nini mmoja hushikwa kila siku na mwingine hushikwa siku moja na kuachwa inayofuata? Kwa nini kwa baadhi yao saa ya homa huchelewa siku hadi siku, kisha ikaanza kuwahi?

Jibu halimtaji pepo wala mzimu. Uovu wa upepo huingilia kisogoni na kukaa kando ya uti wa mgongo. Qi (nguvu ya uhai) ya ulinzi, inayozunguka mwilini usiku na mchana, ikikutana nao, homa hulipuka. Kwa kuwa kila siku makutano hayo hushuka pingili moja, nayo homa huchelewa. Siku ya 25 hufika chini kabisa ya mgongo, siku ya 26 huingia ndani na kuanza kupanda, na kwa siku tisa za kupanda homa huwahi kila mara zaidi. Kwa mgonjwa anayerukwa siku moja, uovu umejichimbia ndani zaidi, hivyo hauwezi kutoka kila siku kupambana.

Ni kweli kwamba hakuna kitu kinachoshuka pingili kwa pingili. Vipindi vile hutokana na vimelea vinavyokomaa ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua takriban kwa pamoja, kila baada ya saa 48 au 72 kulingana na aina yake, na hilo halikujulikana hadi karne ya 19. Lakini tazama aina ya jibu lililotolewa. Mwandishi alitambua kwamba kinachodai kuelezwa hasa ni saa; alidai kuwe na kitu mwilini chenye mwendo wa kawaida; kisha akaufunga mwendo huo kwa hesabu ambayo mtu mwenye subira angeweza kuikagua kwa mgonjwa mmoja ndani ya siku 35. Maneno yasiyoeleza kitu hayajifungi hivyo. Tena maelezo hayo yalimwelekeza tabibu kazini: sura inakataza kumchoma mgonjwa sindano za tiba (zisizotia dawa) joto likiwa limepamba au jasho likimtiririka, na inataka uovu ushughulikiwe kabla haujaamka.

Wakosoaji wana haki katika jambo zito zaidi, nalo ni kwamba ukaguzi ule haukufanywa kuwa desturi. Nadharia iliongezwa, haikupunguzwa. Sura ya 74 ya Suwen ina kanuni 19 zinazounganisha dalili na asili yake, na ukavu, mmoja wa qi sita za hali ya hewa (upepo, baridi, joto, unyevu, ukavu na moto), haumo. Katika karne ya 12 tabibu Liu Wansu aliongeza kanuni ya ukavu, na ni vigumu kukana kwamba mpangilio wa qi sita ulimsukuma pamoja na wagonjwa wake. Tabibu Wu Youxing alithubutu zaidi mwaka 1642, alipoandika kwamba magonjwa ya mlipuko hayatokani na majira bali na qi mahususi zinazopita mdomoni na puani, na kwamba ipo inayowashika ng'ombe ikawaacha kondoo. Hakuwa na chombo cha kuionyesha qi hiyo.

Artemisinini, ambayo dawa zitokanazo nayo zimo katika dawa mseto ya malaria inayotumika hata Afrika Mashariki, hutajwa na watetezi kama ushindi wa vitabu hivi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyeigundua katika mmea wa qinghao na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alichochukua kwa Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, ni maagizo ya kuloweka mmea huo katika maji na kuukamua bila kuuchemsha. Nadharia ya pingili haikumsaidia, na hakuna haja ya kudai ilimsaidia. Vivyo hivyo kwa wanaoandika leo kwamba qi ya ulinzi ni kinga ya mwili kwa jina jingine: qi hiyo hutembea juu ya ngozi mchana na kuingia katika viungo vya ndani usiku, na usingizi hutokana na kuingia kwake. Chembe nyeupe za damu hazifanyi hivyo, na anayezilinganisha anafuta sehemu ileile ya maelezo iliyomwezesha Qibo kujibu swali la saa.