Kususiana Tumeshakujaribu, Jamani

Kuna kipande cha video kinazunguka kwenye magrupu. Kijana kavaa suti ya buluu, nyuma yake taa ya duara, anatufundisha utulivu wa moyo: asiyefikiri kama wewe futa namba yake, anakuibia amani. Kwenye grupu letu la ukoo alikituma binamu yangu, akaweka vikopakopa, kisha akajitoa. Uchaguzi wa Oktoba 2025 ulimwachia donge, na ami yetu mmoja, ambaye hajapata kuona jambo akalinyamazia, akalipigia donge lile msumari. Sasa grupu limebaki na dua za asubuhi na mtu anayeuza udi.

Binamu simlaumu sana. Hasira yangu ni ya huyo mwalimu wa suti, anayetuletea kususiana kama dawa mpya. Atuulize Wazanzibari! Baada ya uchaguzi wa 1995, Pemba watu walisusiana dukani, harusini, mpaka mazikoni. Ndoa zilivunjika kwa kadi ya chama. Januari 2001 waliuawa watu zaidi ya 30, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Zikaja miafaka, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF wakakutana Ikulu Novemba 2009, kura ya maoni ya Julai 2010 ya kuunda serikali ya umoja ikapita kwa asilimia 66.4, tukapumua. Ukaja uchaguzi wa 2015, ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na sisi tukarudi kulekule: huniuzii, sikuzikii.

Kama kufutana kunaleta utulivu, basi Pemba ya 2016 ingekuwa pepo ya dunia.

Mwaka ule nilikwenda Wete, Pemba, kwa shangazi yangu. Duka lipo mlangoni pake, lakini sukari anaifuata mtaa wa pili, kwa jua lile na magoti yale. Nikamuuliza, "Shangazi, hata chumvi?" Akanijibu, "Hata chumvi, mwanangu." Usiku halali, anahesabu nani kamwitikia salamu na nani kageuza uso. Huo ndio utulivu wenyewe.

Kisha mama yake mwenye duka akafariki. Shangazi akajitanda kanga akaenda, na wa upande wake wakamnunia. Kule msibani nako hakuna aliyemkaribisha. Akakaa uani penye masufuria, mpaka msichana mmoja akamsogezea karai la vitunguu. Akamenya na kukata mpaka adhuhuri. Aliniambia kwenye simu, "Hakuna aliyenisemesha, lakini kisu nilipewa." Siku ya hitima walimwita wenyewe. Chama hakuhama, na mwenye duka naye hakuhama. Ila usingizi ulirudi, na sukari akaanza kununua palepale mlangoni.

Ndiyo maana nabishana na mabingwa wa kujipenda peke yao chumbani. Jeneza likitoka, kila mtu anawania hatua mbili tatu, bega linapokea kwa bega, na anayeshinda kutwa Kisonge, maskani ya CCM, anapokezana na anayeshinda Jaws Corner, baraza ya wapinzani. Pale hupati nafasi ya kumuuliza mtu kadi yake. Utaliona jasho lake, utasikia pumzi zake, na kumchukia kama ulivyomchukia jana kunakuwa kazi.

Na kujihesabu nafsi? Tunako siku zote. Maneno ya Sayyidna Umar, jihesabuni kabla hamjahesabiwa, tunayasikia kwenye hotuba za Ijumaa mpaka tunasinzia. Lakini ni kuuliza mimi nimemfanyia nani nini. Yule wa suti anatufundisha kuwahesabu wenzetu. Tena ukijisahihisha peke yako, ajabu, kila mara unapata mia kwa mia. Wa kukukata maksi ni dada yako.

Haya, nakubali, shingo upande: zipo nyumba za kukimbiwa. Mume anayepiga, mjomba ambaye watoto wanajificha akiingia, hao futa namba na polisi nenda. Aliyelemewa na mawazo aende kwa daktari, hata Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili, na wanaocheka wacheke. Na nakubali pia, hili linaniuma zaidi, kwamba ni jamii hiihii tunayoisifu iliyokaa barazani, kahawa mkononi, ikapanga nani asimuuzie shangazi chumvi.

Lakini msije mkachukua maneno yangu mkayapeleka kwenye majukwaa ya "tusahau yaliyopita". Maridhiano ya wakubwa huja na ofisi, dereva na ving'ora. Desemba 2020 waliapishana tena, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, tukapiga makofi. Shangazi alikwenda kwa miguu, na hadi leo hakuna kiongozi wa upande wowote aliyefika Wete kumwomba radhi yeye au mwenye duka kwa kuwagombanisha. Hilo mimi sijalisamehe.