Gari limefikia wapi? Mtaniua!

Hivi hili swali "gari limefikia wapi" mmelipatia wapi nyie watu? Toyota Mark II yangu, GX100, ipo uani hapa Sakina, Arusha. Nimeng'oa injini yake, 1G ya lita 2, naweka nyingine, 1JZ ya tabo, lita 2.5. Basi, mtaa mzima umegeuka wakaguzi! Muuza maziwa: "Kaka, bado tu?" Mama mwenye nyumba: "Baba, si uliuze skrepa?" Hata konda wa kifodi, daladala zetu za hapa, ananipigia kelele kutoka mlangoni!

Kwani injini inadumbukizwa kama kijiko kwenye chai? Maunti, vile vishikizo vya injini, hazikai, mpaka zichomelewe upya. Propela, ile shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma, haifiki, ikakatwe, iunganishwe, ipimwe balansi, la sivyo ukikanyaga mafuta barabara ya Moshi gari linatetemeka hadi meno ya abiria.

Halafu waya. Mungu wangu, waya! Zimemwagika chini ya dashibodi, nyekundu yenye mstari mweusi, nyeusi yenye mstari mwekundu, na zote zinadai kwenda kontrol boksi, ule ubongo wa injini. Fundi umeme je? "Bosi, nipo njiani, nipo hapa soko la Kilombero." Yupo Kilombero tangu masika! Nikimtumia nauli, simu inazimwa. Wenzangu wenye magari juu ya mawe, fundi wenu naye yupo njiani?

Na wewe unayechungulia getini, ukija kuuliza njoo na spana namba 14. Yangu waliiazima haohao wanaouliza.