Wanaoanguka sayansi chuoni: darasa la pembeni halitawaokoa

Katika vyuo vyetu vya Tunguu, hapa Zanzibar, mwaka wa kwanza wa kozi za sayansi huwa ni chujio. Kijana aliyekuwa kinara wa skuli yake Micheweni au Makunduchi anapata sapu (mtihani wa kurudia) ya hesabu, anakeri kemia, yaani analibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, na mwaka wa pili ama kahamia kozi nyengine ama kadisko, yaani kaondolewa chuoni kwa kufeli. Mtaani husemwa kuwa masomo yamemshinda. Siafiki kabisa.

Wapo wanaotaka mpango maalumu wa msaada wa masomo kwa wanaotoka mazingira magumu: watoto wa vijijini, wanaovuka bahari kutoka Pemba, wasichana wanaojikuta wachache kwenye uhandisi na fizikia. Wanaopinga wana hoja nzito. Wanasema maskini yupo Mjini pia, na kumchagua mtu kwa anakotoka ni kumdhulumu mwenzake. Wanasema tatizo lianzwe kutibiwa skuli, ambako mwanafunzi husoma jaribio la kemia kwa kuchorewa ubaoni. Tena sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilipanga hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Palipokosekana mwalimu mwenye lugha hiyo, mtoto alikariri tu. Yote kweli. Ila aliyekwishaingia chuoni hawezi kungoja maabara ya skuli yake ijengwe.

Marekani walikabiliana na suala hili zamani. Miaka ya 1970, Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa nini wanafunzi weusi wengi walianguka kwenye kalkulasi, somo la hesabu la mwaka wa kwanza. Wenzake walidhani ni uvivu au familia zisizojali elimu. Alichokikuta ni wanafunzi wenye bidii kubwa, lakini kila mmoja kajifungia peke yake, wakati wenzao wenye asili ya China walikaa pamoja wakisahihishana. Hakuwafungulia darasa la wasiojiweza. Aliwaalika kwenye vikundi vya kutatua maswali magumu kuliko ya darasani, na waliohudhuria wakafaulu vizuri zaidi.

Mpango wa Meyerhoff wa kuwafadhili wanafunzi wa sayansi, ulioanzishwa 1988 katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Maryland, huko huko Marekani, nao ulianza kwa wanafunzi weusi, kisha 1996 ukafunguliwa kwa wa asili zote. Hapo hoja ya dhulma inapata jibu lake. Lakini tusijidanganye: mpango ule huchagua wanafunzi waliokwisha kuwa wazuri, kwa hiyo mafanikio yake hayatuambii moja kwa moja tumfanyie nini aliyeingia na alama za kubahatisha.

Hapa kwetu itasemwa kuwa diskasheni, yaani vikundi vya wanafunzi vya kujisomea, zipo tele. Zipo, lakini tazama zinafanyika saa ngapi na wapi. Nyingi huwa usiku, baada ya Isha, dahalia au kwenye mageto ya wavulana. Msichana anayeishi kwao Mjini anawahi daladala afike nyumbani kabla ya Maghrib, na kazi za nyumbani zinamngoja. Anayetoka Pemba, hana jamaa wala rafiki wa skuli hapa, hajui hata aombe kuingia kundi la nani. Diskasheni inayojipanga yenyewe huwakusanya wanaojuana tayari, na wanaoihitaji zaidi ndio wanaobaki nje. Kwa msichana huyo, saa mbili za diskasheni mchana, ndani ya ratiba, zina thamani kuliko darasa zima la marudio la Jumamosi.

Ndiyo maana naegemea upande wa msaada, kwa masharti matatu: uwe wazi kwa wote, uwe ndani ya ratiba rasmi, na maswali yake yawe magumu. Darasa la marudio humpa mtu jina baya kabla hajajifunza lolote.

Msaada huu hautaharakisha bumu (pesa za mkopo wa wanafunzi) linapochelewa, wala hautafuta pengo la maabara. Na wahadhiri wana haki ya kuuliza nani atasimamia, maana mizigo yao ni mizito. Nadhani wanafunzi wa mwaka wa tatu waliofaulu somo husika wanaweza kuongoza vikundi kwa posho, mhadhiri mmoja akiandaa maswali. Waanze na hesabu ya mwaka wa kwanza, kisha wahesabu sapu za muhula huo na za uliotangulia kabla ya kupeleka mpango kwenye kemia.