Fungu la Pwani katika mafuta yanayopita

Kila inaposikika sauti ya "Pwani si Kenya", serikali hujibu kwa polisi au kwa orodha ya miradi mikubwa. Kundi la Mombasa Republican Council, lililodai Pwani ijitenge na Kenya, lilipigwa marufuku mwaka 2010, Mahakama Kuu ya hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2012, na baada ya uchaguzi wa 2017 magavana wa Mombasa na Kilifi, Hassan Joho na Amason Kingi, wakatangaza hadharani kwamba watatafuta njia ya Pwani kujitenga. Mimi si mfuasi wa kujitenga. Hata hivyo naona ni kosa kubwa kuamini kwamba fedha za umma zikimiminwa katika mabomba, matangi na magati, manung'uniko yatajifia yenyewe.

Mafuta yanayotumika Nairobi, Kisumu na Kampala huteremshwa hapa. Gati jipya la Kipevu, lililozinduliwa mwaka 2022, liliigharimu Mamlaka ya Bandari takriban shilingi bilioni 40, na kutoka hapa bomba la kilomita 450 hivi hupanda hadi Nairobi. Ni miradi ya maana na sina neno na ujenzi wake. Neno langu ni juu ya sheria. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inagawa mapato ambayo serikali hupata kutokana na mafuta yanayochimbwa nchini: asilimia 20 kwa kaunti, asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Watu wa Turkana, kunakochimbwa mafuta hayo, walilipigania fungu lao hata wakayazuia malori ya mafuta mwaka 2018, na walikuwa na haki. Basi mafuta hayohayo yaliletwa Changamwe, hapa Mombasa, yakahifadhiwa katika matangi ya kiwanda kilichoacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kisha yakapakiwa melini Agosti 2019. Mkaazi wa Changamwe, anayepishana na malori ya mafuta barabarani na anayejua vyema yaliyowapata watu wa Sinai, Nairobi, mafuta yalipovuja na kuwaka mwaka 2011, hamo katika mgao huo. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema. Bomba la kwanza lilianza kazi mwaka 1978, na mwenyeji angali anangoja.

Wapo watakaosema kwamba bandari ni ya taifa zima, na kwamba kaunti ikitoza kila kinachopita, bei itapanda hadi Busia. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu siombi ushuru mpya. Naomba sehemu ya gawio, yaani fungu la faida, ambalo mashirika yanayoendesha bandari na bomba huipa Hazina ya Taifa, ipangwe kwa sheria, iende kwa kaunti na kwa mitaa inayopakana na matangi.

Kanada imetupa somo la ghali. Mwaka 2018 serikali ya shirikisho ililinunua bomba la Trans Mountain kwa dola bilioni 4.5 za nchi hiyo, ili mafuta ya jimbo la Alberta yapate njia ya kufika Pasifiki, na upanuzi ulipokamilika Mei 2024 gharama yake ilikuwa imefika takriban bilioni 34. Sauti za kujitenga Alberta hazikuzimika, kwa sababu malalamiko ya huko ni juu ya nani mwenye kuamua na kodi inagawanywa vipi. Wakati huohuo watu wengi wa pwani ya jimbo la British Columbia, bomba linakoishia, walilalamika kwamba hatari ya kumwagika kwa mafuta wameachiwa wao. Sisi tunafanana zaidi na hawa wa pwani. Lamu pia wananchi waliuliza nani anaamua, na mwezi Juni 2019 mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kwa kuwa hawakushirikishwa ipasavyo.

Mswada ninaoutaka lazima uanzie Bunge la Taifa, kwa kuwa unagusa fedha, na wabunge wa Pwani wanaweza kuuwasilisha kwa pamoja, bila kujali vyama, kabla ya mradi mwingine wa nishati kuzinduliwa hapa.