Mheshimiwa Smalls na pensheni ya dola 30

Ukimtaja Robert Smalls, kila mtu hukimbilia usiku ule wa kutoroka na meli. Siwalaumu. Alfajiri ya Mei 13, 1862, Marekani ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, Kaskazini dhidi ya waasi wa Kusini waliotetea utumwa, katika bandari ya Charleston, South Carolina, iliyoshikwa na waasi, mtumwa huyu wa miaka 23 alivaa kofia pana ya nahodha wake, aliyekuwa amelala zake mjini, akaiongoza Planter, meli ya waasi, hadi mbele ya ngome yao ya Fort Sumter. Akapiga honi zile zile walizozizoea walinzi, wakampisha. Ndani walikuwemo watu 16, mkewe na watoto wake wakiwa miongoni mwao. Walipozikaribia meli za Kaskazini wakapandisha shuka jeupe la kitandani wasije wakalipuliwa.

Kinachonikera mimi ni habari ya cheo. Waasi wa Kusini walimwita mshika usukani, maana neno rubani, yaani mwongoza meli, waliliweka kwa ajili ya Wazungu. Hao walikuwa na watumwa, ungetarajia nini? Lakini jeshi la majini la Kaskazini nalo likamfanyisha kazi ya urubani bila kumwandikisha rasmi. Aprili 1863 ndiye aliyeiongoza Keokuk, meli ya chuma iliyopigwa makombora 90 na zaidi, ikazama kesho yake.

Wapiga kura ndio waliompa cheo bila maswali: Bunge la jimbo mwaka 1868, Seneti ya jimbo 1870, baadaye Bunge la Marekani. Tena mwaka ule wa 1868 alikaa na walioandika katiba mpya ya jimbo, iliyofungua shule za umma kwa watoto wa rangi zote. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani! Kwangu hilo linaishinda hata Planter.

Aliyewahi kumfuatilia mzee wake pensheni anaijua "njoo kesho". Basi hata Mheshimiwa alizungushwa miaka na miaka, eti hakuwahi kuandikishwa. Mpaka 1897, akiwa na miaka 58, ndipo ikapitishwa sheria ya kumlipa yeye dola 30 kwa mwezi.

Alifariki 1915 mjini Beaufort, katika nyumba ya bwana wake wa zamani, aliyoinunua kwenye mnada wa nyumba zilizodaiwa kodi. Mwaka 2023 jeshi la majini lilifuta jina la Chancellorsville, vita walivyoshinda waasi, kwenye manowari yake moja. Sasa inaitwa USS Robert Smalls.